Miche ya vetiva kwa ukingo wa mto: inachoshika na isichoshika

Bidhaa tunayoipima hapa ni fungu la vipandikizi 100 vya vetiva (aina ya nyasi), mizizi wazi, limefungwa kwa kamba ya katani na kuviringishwa kwenye gunia lililoloweshwa. Ndivyo vitalu vinavyoviuzia vikundi vya kijamii, kamati za mazingira za vijiji na jumuiya za watumia maji zinazohangaika na kingo zinazolika. Tumeipima kwa kazi moja tu: kuzuia ukingo wa mto usimeguke. Mazingira tuliyoyalenga ni mito inayoteremka kutoka Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, yaani Mto Morogoro, Ngerengere na vijito vinavyoishia Ruvu. Huko juu udongo ni mwekundu na unashikana. Ukichimba chini, sehemu nyingine unakutana na mchanga wenye ulanga unaometameta, usiokaa pamoja hata ukiufinyanga mkononi.

Hukumu yetu tunaitoa mapema ili mwenye haraka asipoteze hela. Kwa mwinamo wa ukingo, kuanzia juu ya maji ya kawaida hadi usawa wa shamba, vetiva inapata 4.5 kati ya 5, na hatujui mmea mwingine wa bei hiyo unaoifikia. Kwa mguu wa ukingo, pale maji yanapopita mwaka mzima, inapata 1. Vikundi vingi hununua miche kama vile sehemu hizo mbili ni kitu kimoja, na hapo ndipo fedha za wafadhili na nguvu za wanakijiji zinapokwenda na maji.

Ukingo wa nje wa kona ya mto hauanzi kufa kutoka juu. Maji ya mafuriko yakipinda kona yanausukuma upande wa nje, yanachimba kitako chake, na juu panabaki udongo unaoning'inia bila nguzo. Mara nyingi hauanguki mto ukiwa umefurika. Unaanguka siku moja au mbili baada ya maji kushuka: udongo umelowa, uzito umezidi, na yale maji ya mto yaliyokuwa yakiuegemea hayapo tena. Ndiyo maana asubuhi ya jua, mvua ikiwa imekatika, unakuta migomba imelala mtoni na bonge la udongo likiwa bado limeng'ang'ania mizizi yake. Mizizi ya mgomba ni mifupi; imeondoka pamoja na kile ilichokishika.

Mizizi ya vetiva ni myembamba, mingi, na inashuka wima. Kwenye udongo unaopitisha maji vizuri hufika mita 2 na zaidi ndani ya mwaka wa kwanza, na ikikomaa hufika mita 3 hadi 4. Hiyo inatosha kuvuka ufa wa kumeguka wa ukingo wa kimo cha kawaida na kuushona kwa ndani. Majani nayo ni magumu na yamesimama, kwa hiyo maji ya mvua yanayotoka shambani yanapunguzwa kasi na kuacha tope nyuma ya mstari. Baada ya misimu michache tope hilo linajijenga lenyewe kuwa ngazi. Kwa watu wa Uluguru jambo hili lina uzito wake: mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo kupinga matuta ya ngazi yaliyolazimishwa na serikali ya kikoloni, na kumbukumbu ya kazi ile haijafutika. Hapa hakuna anayechimba ngazi. Mstari wa nyasi unaijenga polepole.

Sasa shuka hadi mguu wa ukingo. Pale udongo umejaa maji mwaka mzima, na mizizi ya vetiva ikifika kwenye udongo uliojaa maji haizami sana. Mara nyingi haimalizi hata mita 1. Mto wenyewe, kwenye kona, unaweza kuchimba zaidi ya hapo kwa masika moja. Mstari wa chini unabaki ukining'inia, mizizi yake imeoshwa myeupe, kisha unaanguka na kuuacha wa juu yake ukiwa ndio wa mbele. Anayepita anasema vetiva haifai. Vetiva ilipewa kazi isiyo yake.

Kabla ya kuzungumzia bei, fungueni fungu. Wauzaji wengi ni waaminifu, ila mchanganyiko hutokea, hasa kati ya vetiva na mchaichai. Vunja jani ulisugue: likinukia limao, huo ni mchaichai, rudisha. Jani la vetiva halina harufu ya maana. Harufu iko kwenye mzizi, nzito, tamu kidogo, kama udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Kitako cha shina ni bapa, majani yamepangana kama kipepeo cha mkono. Uliza pia kama ni ile isiyozaa mbegu, aina yenye asili ya India kusini ambayo huongezwa kwa kugawa mashina tu. Afrika tunayo vetiva yetu ya asili, na yenyewe hutoa mbegu zinazoota. Kando ya mashamba ya mpunga hamtaki mmea unaojisambaza wenyewe.

Kisha chukueni vipandikizi kumi bila kuchagua. Kila kimoja kiwe na machipukizi 2 au 3 yaliyoshikana, majani yamekatwa kubaki sentimita 15 hadi 20, mizizi imekatwa kubaki sentimita 5 hadi 10. Bonyeza kitako kwa ukucha. Kikiwa kigumu na ndani cheupe, kizima. Kikiwa cha kahawia na kinabonyea, kimeshaoza ndani ya gunia. Viko pia vile vya shina refu lililokwisha kutoa maua, ndani kuna uwazi kama bua la mtama: hivyo vinaonekana vinene na vya kuvutia, lakini vingi havichipui. Vibovu vikizidi 2 kati ya 10, dai fungu lingine au punguzo. Chipukizi moja moja navyo tunavikataa kwa kazi ya mto. Kitaluni vinaweza kukua, ukingoni vinazidiwa.

Mizizi wazi au viriba? Vya kwenye viriba huanza haraka, vikitangulia kwa wiki 2 hadi 4, na vinavumilia kuchelewa kupandwa. Lakini ni vizito, gari linabeba vichache, na kuvishusha kwenye mteremko wa ukingo ni kazi ya siku nzima. Ushauri wetu ni viriba kwa mstari wa chini kabisa na kwa kuziba mapengo, mizizi wazi kwa kwingine kote. Mizizi wazi ing'olewe siku ya kusafirishwa au siku moja kabla, ikae kivulini, na ipandwe haraka. Ikifika, chovyeni mizizi kwenye uji wa udongo na samadi ya ng'ombe. Gunia lililoachwa juani kwenye keria ya gari mchana mmoja linaweza kuua nusu ya mzigo, na hakuna muuzaji atakayelirudisha.

Tuhesabu kwa ukingo wa urefu wa mita 50 na kimo cha mita 3. Kwanza ukingo ulazwe. Vetiva iliyopandwa juu ya ukuta wa udongo uliosimama wima ni mapambo tu. Kwa kila mita 1 ya kimo, rudini nyuma mita 1.5. Hapo mwinamo unapata urefu wa mita 5.4 hivi. Hili ndilo linaloleta ugomvi, kwa sababu mwenye shamba anapoteza kipande cha mita 4.5 nyuma ya ukingo. Azungumzwe naye kabla ya jembe la kwanza, na makubaliano yaandikwe kwa mtendaji wa kijiji. Udongo unaokatwa usisukumwe mtoni; upandisheni juu, ujengwe tuta dogo nyuma ya mstari wa juu ili maji ya shambani yasimwagikie mwinamoni.

Mistari ya mlalo, inayofuata usawa, ipishane mita 1: mitano. Kwa nafasi ya sentimita 15 kati ya mche na mche, mistari hiyo inataka miche 1,667. Kwenye kona ongezeni mistari ya kushuka, kutoka juu hadi chini, kila baada ya mita 2. Hii ndiyo inayokata kasi ya maji ya mto yanayopita sambamba na ukingo, kazi ambayo mistari ya mlalo peke yake haiwezi, maana maji yanateleza katikati yake kama kwenye mfereji. Inaongeza miche 900. Jumla 2,567, weka asilimia 15 ya kuziba mapengo, inakuwa mafungu 30.

Msinunue mafungu 30. Nunueni 3. Vipandikizi 300 vikipandwa kitaluni kwa nafasi ya sentimita 30 kwa 30 vinataka eneo la takriban mita za mraba 30 tu, kwenye jua kamili na karibu na maji. Mkivipanda Machi, masika inapoanza, mkavipunguza majani kila vinapozidi kimo cha goti ili vitoe machipukizi mengi, ifikapo Novemba kila shina linaweza kugawanywa kupata vipandikizi 10 au zaidi. Hapo mnazo 3,000 bila kusafirisha gunia hata moja, na kati ya Julai na Oktoba, maji yakiwa madogo, mmepata muda wa kulaza ukingo na kujenga mguu wake. Fedha iliyobaki iende kwenye mawe.

Mguu wenyewe unajengwa hivi. Chimbeni mtaro kando ya mwinamo, upana sentimita 80, kina chake kishuke sentimita 50 hadi 60 chini ya sakafu ya mto, na mawe yapande hadi kimo cha maji ya kawaida. Kwa kina cha jumla cha mita 1, ukingo wa mita 50 unakula meta za ujazo 40 za mawe, takriban safari 9 au 10 za tipa la tani 7. Mawe ya kubebwa na watu wawili yakae chini na mbele, madogo yajaze nyuma. Mawe yenye pembe hushikana. Ya mviringo yaliyookotwa mtoni huviringika, na kuyaondoa mtoni kwenyewe kunaufungulia mto njia ya kuchimba sakafu. Ncha mbili za mtaro zipindishwe kuingia ndani ya ukingo angalau mita 1.5. Kazi nyingi hazivunjiki katikati. Maji huingia kwa nyuma kupitia ncha ya juu, yakazunguka na kuacha mawe yamesimama peke yake mtoni.

Pasipo na mawe, vigingi vya mita 2 vipigwe viingie ardhini mita 1.2, viwe safu mbili, na katikati pawekwe matita ya matawi yaliyofungwa kwa katani na kukanyagwa yakaze. Hii ni dawa ya miaka miwili mitatu. Inafaa kwa kijito, si kwa kona kali ya Ngerengere.

Gabioni, yaani kreti ya waya inayojazwa mawe, ni imara kuliko mtaro wa mawe matupu, na bei yake inajulikana. Kreti ya kawaida ni mita 2 kwa 1 kwa 1, matundu ya sentimita 8 kwa 10, waya wa milimita 2.7 uliopakwa zinki. Ikijazwa inazidi tani 3. Ikitumika, mawe yawe kati ya sentimita 10 na 25. Yakiwa madogo kuliko tundu yanatoroka moja moja mpaka kreti inalegea. Nyuma yake lazima pawe na kitambaa cha kuchuja, hasa kwenye ule mchanga wa ulanga, la sivyo maji yanaunyonya mchanga kupitia mawe na ukingo unatumbukia nyuma ya gabioni iliyo nzima kabisa. Waya za kuvuta ndani, zinazounganisha uso wa mbele na wa nyuma, zifungwe kila theluthi ya kimo. Mafundi wengi wanaziruka na kreti inatoa tumbo. Vikundi vidogo visikimbilie gabioni kabla ya kupata mtu aliyewahi kuzifunga.

Viroba vya plastiki vilivyojazwa mchanga tunavipa alama 1, na ni kwa dharura tu. Jua linavipasua ndani ya miezi, mchanga unarudi mtoni, na nyuzi za plastiki zinabaki zimenasa kwenye mizizi. Magunia ya katani yanaoza pia, lakini yakijazwa udongo nusu na kupandwa vetiva ndani yake, mpaka yaoze mizizi imeshapita.

Mianzi ina sifa kubwa kuliko kazi yake ukingoni. Mizizi yake ni mnene lakini iko karibu na uso wa ardhi, na kichaka kikubwa kilichokaa kwenye mdomo wa ukingo ni mzigo wa tani kadhaa unaoyumbishwa na upepo. Kikianguka kinang'oa shimo ambalo mafuriko yanalimalizia. Pandeni nyuma, mita 3 au zaidi kutoka mdomoni, kwa nafasi ya mita 5, na huko itazaa fito za kuuza. Mabingobingo nayo ni chakula kizuri cha mifugo, na kwa sababu hiyo hiyo yanakatwa kila wiki hadi chini. Yafae kama mkanda wa juu, kati ya shamba na mstari wa kwanza wa vetiva. Mikalitusi isiwepo kabisa.

Wakati wa kupanda mwinamo ni mwanzo wa vuli, si masika. Miche inahitaji miezi mitatu minne ya kujishika kabla ya mafuriko ya Aprili. Iliyokomaa inavumilia kuzama kwa wiki nyingi na ikifukiwa na mchanga inatoa mizizi mipya juu zaidi, lakini iliyopandwa wiki tatu zilizopita inang'olewa na mafuriko ya kwanza. Vuli ya Morogoro haiaminiki, hivyo pangeni zamu za kumwagilia: kila siku kwa wiki 2 za kwanza, kisha kila baada ya siku 2 hadi mwezi uishe. Mfereji wa kupandia uwe na kina cha sentimita 15, wekeni samadi iliyooza kiasi cha lita 1 kwa kila mita, mche usimame wima, udongo ukandamizwe kwa kisigino. Kateni kijiti cha sentimita 15 kila mpandaji apimie. Wakipima kwa macho, kufikia saa tano asubuhi nafasi zimeshakuwa sentimita 25.

Pengo ndilo linaloua mstari. Maji yanayozuiwa na miche 40 yanakusanyika yote kwenye nafasi ya miche miwili iliyokufa, na hapo panazaliwa korongo. Wiki ya tatu na ya sita, mtu apite kila mstari na miche ya viriba mkononi, azibe. Mbuzi ni adui wa miezi minne ya mwanzo, majani yakiwa bado laini. Baadaye wenyewe hawayataki. Mchwa hufuata mabua makavu, kwa hiyo mnapopunguza majani kubaki sentimita 30 hadi 40, mara ya kwanza mwezi wa nne na baadaye mara mbili au tatu kwa mwaka, ondoeni na yaliyokufa katikati ya shina. Majani hayo yaezekee au yafunike bustani.

Kuna jambo moja ambalo hakuna mche wala gabioni inayoliweza. Wachimba mchanga wakishusha sakafu ya mto mita mia chache chini yenu, shimo lile linapanda juu likifuata mkondo, masika baada ya masika, mpaka linafika kwenye mtaro wenu wa mawe na kuuacha ukielea. Tembeeni kilomita 1 chini na 1 juu kabla ya kununua chochote. Na kwa kuwa mawe mtoni yanabadili njia ya maji, mkisogeza ukingo wenu mbele hata mita 1 mnaupeleka mto kwa jirani wa ng'ambo. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu iko Morogoro. Pelekeni mchoro kabla ya kuchimba. Wakati huohuo ukumbusheni mkutano wa kijiji kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mstari wa vetiva ulio na bustani ya nyanya mpaka kwenye mdomo wa ukingo hautunzwi, unakanyagwa na kupaliliwa kama gugu.

Mwisho wa tathmini ni udhaifu ambao muuzaji hatautaja: vetiva haipendi kivuli. Chini ya mti mkubwa inapauka, inanyong'onyea na kufa. Msiipande chini ya mikuyu iliyopo. Lakini pandeni mikuyu na mizambarau michanga nyuma ya mstari wa juu, kwa nafasi ya mita 4 au 5. Mkuyu unakubali hata kipande cha tawi nene kilichochomekwa msimu wa mvua. Miti hiyo inachukua miaka kufikisha mizizi kwenye mwinamo, na muda wote huo vetiva inaushikilia. Siku mistari ya juu itakapoanza kuwa ya njano kwa sababu ya kivuli cha mikuyu, msinunue mafungu mengine.